Nyuzi Thelathini na Moja

Uzi wa tatu ulitoka kwenye paa la Mama Kalisti saa tano kasoro dakika nane usiku, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kifyatulio cha kamera.

Niseme mapema ili tusidanganyane: mimi naogopa radi. Watu wa Nsanzwe wakiniona napanda kilimani na viatu vyangu vya mpira kila mawingu yanapojikusanya, wanadhani nina moyo wa chuma. Sina. Miaka saba nimekaa ndani ya kile kizimba cha waya wa shaba kinachonikinga na radi, nimejikunyata kwenye kigoda kama kuku anayeatamia, mikono magotini nisiguse ukuta, na miaka yote saba sijazoea. Radi ikipiga karibu, vinyweleo vya mikono husimama kwanza, halafu mdomoni inakuja ladha ya sarafu. Ukishaionja mara moja huisahau tena.

Kope ilikuwa mbele yangu juu ya miguu yake mitatu. Ndivyo tunavyoiita ile kamera, kwa sababu katika muda ambao mtu anapepesa jicho mara moja, yenyewe inapiga picha laki moja. Mimi niliona mweko mmoja mweupe tu, na bonde zima likawa mchana kisha likazimika. Kope iliona yote yaliyotangulia. Niliirudisha nyuma, picha moja moja, kwenye kioo chake kidogo.

Radi haishuki kwa mkupuo mmoja. Inateremka hatua kwa hatua, inasimama, inapapasa, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Na ikikaribia, vitu vya chini navyo huinyooshea mkono. Mti, mlingoti, bati la nyumba, hata ng'ombe aliyesahauliwa malishoni, kila kimoja hutoa uzi mwembamba wa mwanga kwenda juu, wa rangi ya zambarau. Uzi wa kwanza kuigusa radi ndio unaoiteremsha. Nyingine hufifia hapo hapo, na jicho la binadamu haliwezi kuziona.

Usiku ule mkaratusi wa kando ya kijito ndio uliotangulia, ukapasuka katikati. Lakini kwenye picha ya elfu arobaini na mbili, kutoka kwenye pembe ya kushoto ya paa la Mama Kalisti, kulikuwa na uzi mrefu kuliko nyumba yenyewe, umepinda kidogo kwenye ncha.

Nilihesabu tena, nikiomba niwe nimekosea. Wiki iliyopita, mmoja. Jumapili, wa pili. Leo, wa tatu.

Wahandisi wa kituo cha kanda walikusanya picha za miaka kumi na miwili kutoka vilima vyote vya nyanda zetu kabla hawajagundua jambo lililotupa sisi kazi. Nyumba ikitoa uzi katika dhoruba tatu mfululizo, katika dhoruba ya nne hupigwa. Si zote. Saba kati ya kumi. Ardhi inajizoesha, walisema, mtu akiuliza kwa nini. Mashine yao inasoma picha zetu, inatoa orodha ya nyumba, na watu wa nyumba hizo wanatakiwa kwenda kulala kwenye Ghala, yaani ghala la mahindi la ushirika, ambalo ni chuma kitupu juu hadi chini na lina mizizi ya shaba ardhini. Ndani ya Ghala radi haikupati hata ikipiga juu ya kichwa chako. Jambo rahisi kabisa, kama lingekuwa linawahusu watu wasio na majirani.

Kule chini ngurumo ilikuwa imewaamsha watu na walikuwa wanaitana.

Hii ni desturi ya Nsanzwe tangu kabla sijazaliwa. Mawingu yakianza kunguruma, kila nyumba hufunika vioo, huvua chochote chekundu, kisha wanaitana kuanzia nyumba ya kwanza bondeni, kwa Mwenyekiti, hadi ya mwisho ukingoni mwa kilima. Unagonga mfuniko wa sufuria, unaita nyumba inayofuata, "Mpo?" Nao wanagonga wa kwao, "Tupo!" na kuita wanaofuata. Ngurumo zikiendelea, wanarudia. Nyumba thelathini na moja. Wanasema ni kujuliana hali. Ukweli ni kwamba wanahesabiana. Kwetu watu wanaamini kuwa anayetuma radi hutoka kwanza nyumbani kwake, asije akaungua na moto wake mwenyewe. Nyumba isiyoitika usiku itaulizwa asubuhi.

Nyumba moja tu ndiyo hurukwa, na ni yangu, ya thelathini. Dhoruba zote mimi huwa kilimani. Kwa hiyo jirani yangu wa chini, Mama Tekla, akishaitika kwake huniruka na kuita nyumba ya mwisho.

"Kwa Mama Kalisti, mpo?"

"Tupo!"

Sauti ilikuwa moja. Mwanawe Kalisti yuko machimboni, mbali huko, na mumewe Kletus amekufa, lakini mama yule anaitika kwa wingi vilevile kama zamani. Wapo wanaochukizwa na hilo. Wanauliza yuko na nani mle ndani.

Kletus nilimuua mimi. Sikumgusa, lakini sijui neno lingine. Mwaka juzi Kope ilinasa uzi kwenye paa lake, na sekunde hiyo hiyo radi ikapiga jiko la Mama Tekla na kumuua Tekla, mtoto wa miaka tisa. Sheria inasema picha ni ya wote. Ibandikwe nzima kwenye ubao wa kijiji kabla ya saa nne asubuhi, na nakala ya ubaoni ifanane na iliyokwenda kituoni. Nikaibandika. Watu wakasimama mbele yake wakaona kile ambacho macho yao yaliwaambia: mwanga unapanda kutoka kwa Kletus kwenda mbinguni, na moto unashukia kwa jirani. Nilieleza mpaka koo likakauka. Nilichora kwa mkaa ukutani. Mwenyekiti Apolinari akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, tumeona kwa macho yetu. Picha ni yako."

Siku ya tatu walimkuta Kletus ameuawa kwenye shamba lake la ulezi. Hakuna aliyekamatwa. Tangu hapo hakuna mtu wa Nsanzwe aliyekubali kulala Ghala, kwa sababu kwenda Ghala ni kusema, ndiyo, uzi ni wangu.

Nilizima Kope, nikakaa ndani ya kizimba hadi mvua ikakatika. Safari hii hofu yangu haikuwa ya radi.

*

Kulipokucha nilimkuta Mama Kalisti amekaa mlangoni na ungo, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewahi." Hakuinua macho. "Wa ngapi?"

"Wa tatu."

Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea. Alitoa jiwe moja, akalitupa.

"Nionyeshe."

Sikupenda, lakini nilimpa kile kioo cha Kope. Akakisogeza karibu na uso, akakiweka mbali, akakisogeza tena. Miaka miwili tangu Kletus afe nilikuwa nikiishi nyumba inayofuata yake na hakuwahi kunitaka nimwonyeshe chochote.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema. "Siku ile sikuutazama. Niliambiwa tu. Mbona ni mzuri hivi?"

Nilikichukua kioo changu.

"Mama, nenda kwa Kalisti. Basi la saa tatu lipo. Kaa huko hata mwezi."

"Leokadia, wewe ni mtoto wa hapa hapa. Usiku wa dhoruba Mama Tekla ataniita. Nisipoitika, nimekiri. Watamfuata Kalisti hukohuko machimboni, na mke wake, na wale watoto. Watu wana miguu na wana simu."

"Basi kalale Ghala. Dhoruba ya nne tu. Usiku mmoja."

"Peke yangu? Nipite na mkeka wangu katikati ya nyumba thelathini, nijipeleke?" Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Si bora nivae nyekundu kabisa."

"Utaungua, mama."

"Nitaungua, ndiyo. Au watanikuta kwenye ulezi kama mwenzangu. Ule moto wa juu, mwanangu, angalau si jirani yangu, sijui jina lake wala sijawahi kumpelekea chumvi."

Alisema hivyo bila hasira, na ndicho kilichoniogopesha. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Na usipoibandika?" aliuliza.

"Mwenyekiti atakuja kuidai. Na hata asipoidai, wewe bado uko chini ya bati hili."

"Eeh." Alipepeta maharage, maganda yakaruka. "Shida yenu na mashine yenu mnataka mtu mmoja atoke. Mtu mmoja hawezi kutoka hapa. Wakitoka wote, sawa. Wote wakitoka, nani atabaki wa kumhesabu mwenzake?"

Akaingia ndani kuweka maharage jikoni. Mimi nilibaki nimesimama pale uani na kioo mkononi, nikitazama pembe ya kushoto ya paa lake. Bati lilikuwa na kutu na msumari mmoja ulikuwa umelegea. Ukilitazama hivi hivi, ungesema halina kosa na mtu.

*

Kila asubuhi kabla ya kuituma picha, mimi huiosha. Ndivyo tunavyosema. Kope haina paa la kuikinga vizuri, kwa hiyo matone hukaa kwenye lenzi na kuacha madoa na michirizi ya mwanga ambayo mashine ya kituoni inaweza kudhani ni nyuzi. Basi tumepewa kalamu maalumu ya kufutia. Unaikaza kwenye doa, unachukua giza la pembeni, unalifunika doa. Kalamu hiyo hiyo ukiigeuza inachukua mwanga na kuumwaga gizani. Hilo hatukufundishwa, lakini kila mpiga picha wa radi analijua, kama vile kila mpishi anajua sumu ya panya iko rafu gani.

Nilikaa mbele ya meza yangu tangu saa moja. Nilijua vizuri ninachotaka kufanya na nilijua ubaya wake. Nakala ya ubaoni na ya kituoni ni moja, mashine yenyewe ndiyo inayochapa. Nikiipaka picha hii uongo, uongo huo hauishii Nsanzwe. Utaingia kwenye ile mashine inayotoa orodha kwa vilima vyote. Kule Lyapinda, ng'ambo ya bonde, watu hawana desturi yetu. Wanapokea orodha yao, wanabeba mikeka, wanalala Ghala lao, wanarudi asubuhi wakipiga miayo. Orodha ya mwaka huu peke yake imewaokoa watu tisa. Mashine iliwapata watu hao tisa kwa kuwa mimi na wenzangu hatukuwahi kuidanganya.

Kwa upande mwingine kulikuwa na mwanamke mmoja na ungo wa maharage.

Ningependa kusema nilipima. Sikupima. Nilimwona tena Kletus kwenye ulezi, mguu mmoja umevuliwa kiatu, nikaigeuza kalamu.

Nilichukua mwanga wa uzi wa Mama Kalisti, nikaumwaga juu ya nyumba moja. Nikaupindisha kidogo ili usifanane. Nikaenda ya pili, ya tatu. Mkono ulikuwa mzito mwanzoni, kisha ukapata wepesi ambao mpaka leo nauonea aibu. Kwa Mwenyekiti Apolinari niliweka uzi mnene kuliko zote. Kwa Mama Tekla nilisita. Mwanamke yule alikuwa ameshatosheka na radi. Lakini nikimwacha yeye, wataanza naye. Nikamwekea mfupi.

Kwenye nyumba yangu niliweka wa mwisho, na nikaandika chini: nyumba zote, dhoruba ijayo, Ghala.

Saa nne kasoro robo nikabonyeza kuituma.

*

Ubaoni palijaa kama siku ya mnada. Kila mtu alitafuta paa lake kwa kidole, akalipata. Kisha akatafuta la jirani.

"Hata mimi?" alisema Mwenyekiti Apolinari. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena. "Leokadia, huu ni wa kwangu?"

"Ni wa kwako, mzee."

"Mnene hivi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akageuka kumtafuta. Kwa dakika moja nzima niliwaona watu wangu nusura wacheke wote, na moyo wangu ukapata nafuu.

"Kwa hiyo nani anamtumia nani?" aliuliza mwanamke mmoja.

Kila aliyetaka kunyoosha kidole aliona uzi juu ya paa lake mwenyewe. Mama Kalisti alikuwa amesimama pembeni na khanga kichwani. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Alijua.

Mama Tekla ndiye aliyebaki wa mwisho. Aliuweka mkono wake juu ya picha, juu ya uzi wake mfupi, akaufunika.

"Wa Kletus mwaka juzi," aliniuliza, "ulikuwa hivi hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Na wa kwangu siku ile haukuonekana?"

"Wa kwako ndio ulioigusa radi, mama. Ndiyo sababu ilishuka kwako. Nilieleza."

"Ulieleza," alisema, akaondoa mkono.

*

Mawingu yalirudi siku ya tatu yake, saa kumi jioni, meusi kutoka upande wa ziwa. Kabla ya giza niliwaona wakipanda kwenda Ghala: mikeka, mablanketi, vifuniko vya sufuria, mzee mmoja amebebwa mgongoni, mbuzi wawili ambao sheria haiwaruhusu. Mama Kalisti alikuwa katikati yao na hakuna aliyemtazama mara mbili. Nilihesabu mpaka mtu wa mwisho akaingia, mlango wa chuma ukafungwa.

Ningeshukuru. Lakini nilipoingia kizimbani orodha za jioni zilikuwa zimefika kutoka kituoni, na ya Lyapinda ilikuwa tupu.

Hadi Jumapili Lyapinda ilikuwa na nyumba mbili zenye nyuzi mbili mbili. Niliziona mimi mwenyewe kwenye picha za mwenzangu wa kule, Ireneus. Usiku wa juzi zilitoa wa tatu. Leo zilipaswa kuwa juu kabisa ya orodha. Nikaisoma tena, chini, juu. Hakuna. Mashine ilikuwa imepokea picha yangu yenye nyuzi thelathini na moja, nyingi kuliko ilizowahi kuona mahali pamoja, na hakuna nyumba iliyopigwa, ikajifunza kutoka kwangu kwamba uzi si kitu cha kuogopesha sana.

Ladha ya sarafu ikanijia mdomoni na radi ilikuwa bado mbali.

Sheria inakataza kushika redio dhoruba ikishaanza. Nikaishika.

"Ireneus! Zile nyumba mbili za juzi, wapeleke Ghala!"

"Orodha haina jina, dada." Sauti yake ilikuwa imejaa mikwaruzo. "Nimewaambia walale zao."

"Waamshe. Wapeleke."

"Kwa nini? Kituo kimesema..."

"Kituo kimekosea."

"Umejuaje?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa matatu, na nilikuwa nayo kinywani. Nikafikiria kazi yangu, nikafikiria watu wa Ghala na mwanamke aliyekaa katikati yao, nikasema, "Wapeleke tu, Ireneus, nakuomba kwa jina la mama yako," na ngurumo ikapasuka juu yetu na redio ikafa.

Chini hakuna aliyeita. Miaka saba nilikuwa nikilaani ile kelele ya vifuniko, na sasa bonde lilikuwa kimya, nyumba zote nyeusi, mvua inapiga mabati bila mtu chini yake. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa usiku ule. Nilisema Salamu Maria nikasahau katikati nikaanza tena.

Saa tatu na dakika kumi na moja vinyweleo vilisimama. Nikabonyeza.

Kilichofuata nilikisikia kifuani kabla ya masikioni. Nilipofumbua macho, nyumba ya Mama Kalisti ilikuwa imefunguka kwa juu, bati la pembe ya kushoto halipo, na moto ulikuwa unapanda kutoka chumbani katikati ya mvua kana kwamba mvua haikuuhusu.

Niliirudisha Kope nyuma. Picha kwa picha. Nyumba thelathini zilikuwa nyeusi kabisa. Uzi ulikuwa mmoja tu.

Na ng'ambo ya bonde, upande wa Lyapinda, kulikuwa na mwanga mwekundu mdogo ambao haukuwa wa radi.

*

Nilifika Ghala mvua inapungua. Mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wamesimama nje na taa zao, wote wanatazama upande mmoja. Walikuwa hai, wote. Mbuzi walikuwa hai. Nililia, sioni aibu kusema.

Mama Kalisti alikuwa amesimama mbele, mfuniko wa sufuria kifuani, anatazama nyumba yake ikiungua. Kisha nikaona nafasi. Watu walikuwa wamerudi nyuma yake, hatua mbili tatu, kidogo kidogo, mpaka amebaki peke yake kwenye duara la taa.

"Nyumba thelathini na moja," alisema Mwenyekiti Apolinari. Hakuwa na hasira, alikuwa mtu anayepiga hesabu. "Zote zilikuwa na uzi. Radi ikachagua moja."

"Imemrudia mwenyewe," alisema mtu gizani.

"Alitaka kutumaliza sote."

"Ikamkosa kwa kuwa tulimleta huku wenyewe. Tulimbebea na mkeka."

Mwanamume mmoja aliweka taa yake chini taratibu, kama anayetaka mikono yake iwe huru. Mama Kalisti hakugeuka. Nadhani alikuwa ameshajua tangu mlango ulipofunguliwa.

Nilipita katikati yao. Sikumbuki kuamua.

"Nyuzi nilizichora mimi."

Hakuna aliyesikia, au walijifanya. Nikasema kwa sauti.

"Nyuzi thelathini nilizichora mimi kwa mkono wangu. Wa kweli ulikuwa mmoja, wa kwake. Hakutuma kitu. Paa lake ndilo lililokuwa linaitwa, na yeye alikuwa anangoja kufa kwa sababu yenu. Nilidanganya ili nyote mtoke, ili naye atoke. Na kwa uongo huo kuna nyumba inaungua Lyapinda, na sijui ndani yake kuna nani." Nilimgeukia Mwenyekiti. "Kesho nitaandika kituoni. Mniulize mimi. Yeye mwacheni."

Mvua ilikatika kabisa. Mwenyekiti Apolinari alivua miwani.

"Uliuchora," alisema polepole. "Kwa mkono wako. Uzi juu ya paa langu."

"Ndiyo, mzee."

"Juu ya mapaa yetu yote. Halafu ukapanda kilimani."

Nilifungua mdomo, na hapo nikaelewa alikokuwa anaelekea. Niliona taa zikihama. Zilikuwa zimemmulika Mama Kalisti, sasa zilikuja kwangu moja baada ya nyingine, na yule mwanamume aliyeweka taa chini aliiokota.

Mama Tekla alitoka kwenye kundi. Alikuwa na mfuniko wake na mwiko. Aliugonga mara moja, taratibu, ukalia kwenye ile hewa mbichi, na akaita kama tunavyoitana.

"Kwa Mwenyekiti, mpo?"

"Tupo," alisema Apolinari baada ya kusita.

Akaita ya pili. Akaita ya tatu. Kila mmoja aliitika pale alipokuwa amesimama, wengine kwa kunong'ona, na kila aliyeitika alisogea upande wa Mama Tekla. Ishirini na tano. Ishirini na nane. "Kwangu tupo," alijijibu mwenyewe. Halafu mkono wake ukabaki hewani. Miaka saba mkono ule umekuwa ukiniruka hapo.

Akagonga.

"Kwa Leokadia. Usiku wa leo radi ikipiga, mlikuwepo?" Sauti yake ilikatika, akaishika tena. "Usiku wa Tekla, mlikuwepo?"

Sikuwepo. Dhoruba zote za miaka saba, kila nyumba iliyopigwa, kila ng'ombe, Tekla, sikuwepo nyumbani kwangu hata mara moja, na kila mtu aliyesimama pale alikuwa akilihesabu hilo kwa mara ya kwanza. Nilitazama uso wa Mama Tekla na sikuona chuki. Niliona mtu aliyechoka kutafuta na sasa amepata.

Nyuma yangu mfuniko ukagongwa.

"Tupo," alisema Mama Kalisti.

Aliacha kutazama nyumba yake. Akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega, ananukia moshi na maharage, na mkono wake uliponishika ulikuwa wa baridi. Akagonga tena, kwa nguvu.

"Kwa Leokadia, tupo."

Mama Tekla alingoja mlio ule uishe. Kisha akaita tena nyumba yangu, kana kwamba hakusikia mtu akiitika.